Laptopu ya zamani, ruta mpya: mahali zinapokataa kusikilizana

Shangazi yangu ana steshenari ndogo kwenye kibaraza cha nyumba yake, Morogoro. Mashine yake ya kazi ni Dell Latitude D630, mtumba kutoka Marekani, ya mwaka 2007. Maana yake ilitoka kiwandani kabla mkongo wa intaneti wa SEACOM haujafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Kwa kuchapa barua, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi na kuskani vyeti, inamtosha kabisa. Ina Windows 7, kibodi ambayo herufi A na E zimefutika, na betri iliyokufa kitambo, kwa hiyo maisha yake yote ni kwenye waya wa chaji.

Alipovutiwa faiba nyumbani, mafundi walimwachia ruta mpya. Simu zote zikaingia. Televisheni ikaingia. Laptopu nayo iliingia siku ya kwanza, siku ya tatu ikakataa, wiki iliyofuata ikaingia yenyewe bila mtu kuigusa, kisha ikagoma siku nne mfululizo. Mitandao ya majirani ilikuwa inaiona. Wa nyumbani, ambao ruta yake iko hatua sita kutoka mezani, haiuoni.

"Mwanangu, hii mashine ina jini," aliniambia kwenye simu baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Jana usiku umeme umekatika, uliporudi ikashika. Leo asubuhi umekatika tena, uliporudi imekataa. Kuna kompyuta gani inayotaka umeme ukatike ndipo ifanye kazi?"

Jini huyo nitamrudia, maana maneno yake yalikuwa na jibu zima ndani yake. Wajuzi wa mtaani walikwisha kutoa hukumu: mashine ya zamani haipatani na mitambo ya sasa, nunua nyingine. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga hapa. Uzee peke yake hauelezi chochote. Kati ya laptopu na intaneti kuna milango kadhaa inayofuatana: redio iwe imewashwa, isikie ruta, zikubaliane namna ya kufunga siri, laptopu ipewe anwani, halafu tovuti yenyewe ikubali kuongea nayo. Kompyuta ya zamani hukwama kwenye mlango mmoja au miwili, na kila mlango una dalili yake. Ukiijua dalili, mara nyingi dawa ni dakika kumi za kubonyeza. Ukikosea mlango, utanunua kifaa ambacho hukukihitaji.

Redio yenyewe

Waifai ni redio, na redio ina swichi. Usicheke. Laptopu nyingi za kati ya 2005 na 2012 zilitengenezwa na kiswichi cha kusukuma kwa kidole, pembeni au kwenye ukingo wa mbele, kinachozima redio yote, na ndani ya begi hujisukuma chenyewe. Nyingine zinatumia vibonyezo viwili kwa pamoja: kwenye Dell nyingine za enzi hizo ni Fn na F2, kwenye ThinkPad ni Fn na F5. Nimewahi kuletewa mashine iliyozunguka kwa mafundi wawili, na ugonjwa wake ulikuwa kiswichi.

Windows 7 inakuonyesha hali ya mambo kwa alama ndogo kwenye kona ya chini kulia. Vijiti vyenye X nyekundu: redio imezimwa, au haisikii mtandao wowote, au Windows haijui kama kuna kadi ya waifai. Vijiti vyenye kinyota cha njano: inasikia mitandao ila haijajiunga na wowote. Vijiti vyenye pembetatu ya njano: imejiunga na ruta, lakini intaneti haifiki. Kabla hujampigia mtu simu, tazama alama hiyo. Aliyeko upande wa pili atakushukuru.

Kama ni X nyekundu na swichi iko sawa, mara nyingi kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayoifundisha Windows kuongea na kadi. Mitumba mingi huwekwa Windows upya harakaharaka dukani, draiva ya waifai ikasahaulika. Fungua orodha ya vifaa, ile inayoandikwa Device Manager, utaona kifaa chenye alama ya mshangao. Ukiingia kwenye maelezo yake kuna namba ya utambulisho, na tarakimu zake za mwanzo zinataja mtengenezaji: VEN_8086 ni Intel, VEN_14E4 ni Broadcom, VEN_10EC ni Realtek. Tafuta draiva kwa namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi au wa laptopu, ipakue kwa simu, uihamishe kwa waya. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote bure ziepuke; ukishaziweka, zitaleta na jamaa zao.

Kusikia

Hapa ndipo penye mambo, na ndipo alipokuwa jini wa shangazi.

Kadi za waifai zinatambulishwa kwa herufi, na herufi hizo ni kama mwaka wa kuzaliwa. Herufi b ni ya mwaka 1999, megabiti 11 kwa sekunde. Herufi g ilikuja 2003 ikafika 54. Herufi n ni ya 2009. Halafu ac mwaka 2013, na baada yake ax, ambayo kwenye makasha ya ruta inauzwa kwa jina la Wi-Fi 6. Kadi iliyo kwenye D630 ya shangazi inaandikwa b/g tu. Mwendo wake halisi ni kama megabiti 20, kwa sababu ile 54 ni ya kwenye karatasi, lakini barua pepe na fomu hazihitaji hata robo ya hizo.

Kinachoumiza zaidi ya mwendo ni masafa. Ruta za leo huzungumza kwenye masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kadi ya b/g haisikii 5 kabisa. Kwake ni ukimya. Sasa mafundi wengi wanaofunga ruta huyapa masafa yote mawili jina moja ili mteja asichanganyikiwe. Ndipo mteja anapochanganyikiwa: simu yake inaonyesha jina la mtandao likiwa na nguvu, ikiwa kwenye 5, yeye anaamini laptopu nayo inapaswa kuliona, wakati upande wa 2.4 huenda umezimwa au umewekwa kwenye hali ambayo laptopu haiielewi. Kitu cha kwanza ninachofanya kwenye nyumba yenye mashine ya zamani ni kuyatenganisha majina hayo mawili, la 2.4 nikalipa mkia wa kulitambulisha. Na kwa nyumba zetu za tofali, 2.4 ina faida yake: hupenya ukuta vizuri kuliko 5.

Lakini shangazi alikuwa na 2.4, imewashwa, na bado laptopu iliiona leo, kesho haiioni. Siku hiyo nilimwomba binamu yangu, mtoto wake wa mwisho, aweke kwenye simu programu ya kuchunguza mitandao. Ziko nyingi za bure za Android, zinaonyesha kila ruta ya jirani na chaneli inayotumia.

"Ya nyumbani iko chaneli gani?"

"Kumi na tatu, kaka."

Hapo nikacheka peke yangu.

Masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli, ya kwanza ikiwa megahezi 2412 na ya kumi na tatu 2472, kila moja ikipishana na mwenzake kwa megahezi 5. Ulaya na hapa kwetu, ruta zinaruhusiwa kutumia zote 13. Marekani vifaa vya nyumbani huishia 11. Kwa hiyo kadi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mwaka 2007 imefungwa humohumo ndani yake isisikilize juu ya 11. Haikuharibika. Imeagizwa isisikie, na agizo hilo limesafiri nayo ndani ya kontena mpaka Morogoro.

Ruta kwa upande wake ilikuwa imeachwa ijichagulie chaneli. Ruta ya namna hiyo, kila inapowaka, husikiliza mtaa kidogo na kukaa penye nafasi. Majirani kwa kawaida hujazana kwenye 1, 6 na 11, kwa sababu hizo tatu ndizo zisizoingiliana, basi 13 inaonekana kama kiti kitupu. Umeme ukikatika, ruta inazima. Ukirudi, inachagua upya. Ikiangukia 1, laptopu inafurahi. Ikiangukia 13, mtandao unatoweka hadi umeme ukatike tena. Shangazi alikuwa amefanya uchunguzi sahihi kabisa, alikosea jina la mhusika tu.

Dawa yake ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani, jina na nenosiri la kuingilia huwa vimeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi ikianza na 192.168. Tafuta sehemu ya waifai ya 2.4, toa chaneli kwenye hali ya kujichagulia, weka namba. Majirani wawili wa shangazi walikuwa 11 na mmoja 1, tukaweka 6. Hapohapo kuna kipimo cha upana wa chaneli: weka megahezi 20. Upana wa 40 kwenye 2.4 hauwafai wazee, na kwenye mtaa wenye ruta nyingi hauwafai hata vijana.

Kuna uziwi wa aina nyingine unaofanana na huo, ila dalili yake ni tofauti: mtandao hauonekani kamwe, siku zote, hata ukibadilisha chaneli. Huo huzipata laptopu ambazo wala si kongwe hivyo, za kama 2013 hadi 2016, zenye kadi za Intel. Draiva zake za zamani zikikutana na tangazo la ruta ya ax, hazilielewi, na badala ya kulisoma kwa shida zinalitupa lote. Intel walikiri tatizo hilo na kutoa draiva mpya. Unapandisha draiva, mambo yanaisha. Ikiwa huwezi, ingia kwenye ruta, upande wa 2.4, uzime hali ya ax ubaki na b/g/n. Simu zako mpya zitaendelea kutumia 5 na hazitajua kilichotokea.

Nenosiri sahihi linalokataliwa

Baada ya chaneli kutulia, laptopu ya shangazi iliuona mtandao kila siku. Siku moja ikagoma kujiunga, ikisema kwamba mipangilio iliyohifadhiwa kwenye kompyuta hailingani na matakwa ya mtandao. Ujumbe huo, tofauti na jumbe nyingi za Windows, unasema kweli. Fundi wa faiba alikuwa amekuja, na kwa wema wake akarudisha jina la mtandao wa zamani na nenosiri lake lilelile ili familia isihangaike. Laptopu ikaliona jina inalolijua, ikatoa kumbukumbu zake za ruta ya zamani, zikapishana na ufungaji wa ruta mpya. Unaingia kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, unaufuta huo, unajiunga upya kama mgeni.

Nenosiri sahihi linaweza kukataliwa kwa sababu ya kijinga zaidi. Tazama kibonyezo cha namba 3 kwenye laptopu yako ya mtumba. Kikiwa na alama ya pauni ya Uingereza, kibodi hiyo ni ya Kiingereza cha Uingereza, na juu ya namba 2 kuna alama ya kunukuu, siyo @. Ya Marekani ina @ juu ya 2. Muuzaji akiweka Windows yenye mpangilio wa Marekani juu ya kibodi ya Uingereza, unachobonyeza siyo kinachoandikwa, na kwenye kisanduku cha nenosiri unaona vidoti tu. Andika nenosiri kwanza kwenye Notepad uone kilichotoka. Nimeona familia imebadilisha nenosiri la ruta mara tatu kwa ajili ya @ moja.

Baada ya hayo ndiyo inakuja habari ya ufungaji wenyewe. WEP, kufuli ya kwanza ya waifai, ilivunjwa na wataalamu mwaka 2001. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha inavunjwa kwa chini ya dakika moja. WPA ilikuja 2003 kama kiraka, WPA2 mwaka 2004 kama kufuli ya kweli, na WPA3 mwaka 2018. Kuanzia Machi 2006 hakuna kifaa kilichopata cheti cha Wi-Fi bila kujua WPA2. Hiyo tarehe ni muhimu kwako: laptopu ya 2007 na kuendelea, yenye draiva yake halisi, karibu kila mara inaweza WPA2. Hata Windows XP inaweza, mradi imefikishwa kwenye toleo la SP3 la mwaka 2008.

WPA3 haiiwezi. Ruta mpya ikiwekwa WPA3 peke yake, mzee yuko nje. Kuna hali ya mchanganyiko ya WPA2 na WPA3, ambayo kwa nadharia inawapokea wote, lakini draiva za zamani nyingine hushtuka zikiona tangazo lenye mambo mawili, zikaomba nenosiri, zikasubiri, zikaomba tena. Ukiona laptopu inauliza nenosiri mara mbili tatu bila kulikataa waziwazi, jaribu kuiweka ruta kwenye WPA2 tupu yenye AES, yaani namna yake ya kisasa ya kufunga siri. TKIP iache, ni mabaki ya kile kiraka cha 2003.

Mtu atakushauri urudi WEP, au uondoe nenosiri kabisa, "ili mashine iingie". Ukifanya hivyo, mlango uliomfungulia mzee mmoja umewafungulia mtaa mzima, pamoja na simu yako yenye akaunti ya pesa. Ruta nyingi zina njia ya heshima zaidi: mtandao wa wageni. Unauwasha kwenye 2.4, unaufunga kwa WPA2, unampa laptopu ya zamani, na mtandao mkuu unaacha na WPA3 yake. Ila kumbuka, mtandao wa wageni hutumia redio ileile na chaneli ileile, kwa hiyo ya 13 bado itakuwa 13. Na kwa kawaida aliye kwenye mtandao wa wageni haoni vifaa vya ndani. Shangazi ana printa ya waifai. Tulipomweka kwa wageni, printa ikapotea, ikabidi arudi mtandao mkuu. Hapo tukakubali WPA2 kwa nyumba nzima. Nenosiri refu la WPA2 silo jambo la kuomba radhi.

Anwani, kwa kifupi

Ukishajiunga, ruta inakugawia anwani. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, ruta haikukugawia kitu. Windows imejipa anwani ya kubuni baada ya kuchoka kusubiri. Zima ruta kisha uiwashe, na hakikisha hakuna mtu aliyewahi kuandika anwani kwa mkono kwenye mipangilio ya laptopu hiyo ilipokuwa ofisini kwake kwa kwanza. Mashine zilizotoka maofisini huja na mabaki kama hayo.

Imeunganishwa, lakini tovuti zinagoma

Dalili hii ndiyo inayowapoteza mafundi wengi. Alama ya waifai iko safi, hakuna pembetatu, lakini kila ukurasa unasema muunganisho si salama. Watu wanailaumu ruta. Tazama saa, pale kona ya kulia. Kwenye laptopu ya shangazi ilikuwa imeandikwa 1 Januari 2007.

Kila tovuti inayoanza na https huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu inayodhani ni mwaka 2007 ikiona cheti kilichoanza juzi, inakisoma kama cha siku za usoni na kukikataa. Kinachopoteza tarehe ni kibetri kidogo cha saa kilicho kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Kwenye kompyuta ya mezani ni kile cha duara, CR2032, cha volti 3, unakichomoa kwa ukucha. Kwenye laptopu nyingi ni kilekile kimevishwa plastiki, kina waya mbili na plagi ndogo. Kwa kuwa betri kubwa ya shangazi ilishakufa, kila umeme ulipokatika mashine ilibaki bila chochote cha kuikumbusha saa, ikarudi mwanzo. Umeme huohuo ulikuwa unahamisha chaneli ya ruta na kurudisha saa ya laptopu. Matatizo mawili yasiyojuana yamepanda gari moja. Ndiyo maana jini alionekana mwenye akili.

Kibetri kikabadilishwa, tarehe ikakaa. Bado tovuti chache ziligoma. Hapo ni uzee wa programu. Kampuni zinazotoa vyeti zina vyeti mama ambavyo Windows huvihifadhi, na kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi sana zinazotumia Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Mashine ambayo haikupokea masasisho ilibaki na orodha ya zamani. Njia rahisi ni kuachana na Internet Explorer na kutumia Firefox, kwa sababu Firefox hubeba orodha yake ya vyeti bila kuitegemea Windows. Kwa Windows 7 toleo la mwisho ni 115 la muda mrefu. Chrome iliishia 109.

Kadi ikishindwa kweli

Kuna siku utapita milango yote na kadi bado haiwezi. Kabla ya kununua chochote, chomeka waya wa mtandao. Laptopu za umri huu zina tundu lake, na waya wa hadi mita 100 unafanya kazi bila kujua WPA ni mnyama gani. Kwa mashine isiyohama mezani, huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Watu huuona ni wa kizamani, nami sibishani nao.

Njia ya pili iko mfukoni mwako. Simu ya Android iliyounganishwa na waifai ya nyumbani, ukiichomeka kwa waya wa USB na kuwasha kushiriki intaneti kwa USB, simu nyingi hupitisha hiyohiyo waifai kwenda kwenye kompyuta, bila kugusa bando lako. Simu inakuwa ndiyo kadi: WPA3 inaishughulikia yenyewe, 5 inaisikia yenyewe, na laptopu inaona waya tu. Nimeitumia mara nyingi kupakulia draiva kwenye mashine isiyo na mtandao.

Adapta ya USB ya waifai, kile kidude kama flashi, ndiyo suluhisho la kudumu lililo jepesi. Soma kasha kama inataja Windows uliyonayo, maana adapta mpya nyingine zimeiacha 7. Draiva yake huja kwenye kasidi ndogo, na msomaji wa sidi wa laptopu ya namna hii kwa kawaida amekufa, basi inakili kwenye flashi dukani kabla hujaondoka.

Kubadilisha kadi ya ndani ni kazi ya bei ndogo lakini ina mtego. Kuna kibao kidogo chini ya mfuniko, kimeshikwa na skrubu moja au mbili, na waya mbili nyembamba za antena, mara nyingi mweupe na mweusi, zilizobanwa kwa vifungo vidogo kama punje ya mtama. Vifungo hivyo huvunjika ukivivuta kwa pembeni, vinyanyue wima. Mtego wenyewe ni kwamba Lenovo na HP nyingi za enzi hizo zina orodha ya kadi wanazozikubali. Ukiweka isiyomo, mashine haiwaki: ThinkPad itakuandikia kosa namba 1802, HP namba 104, na itasimama hapo mpaka uitoe. Dell kwa kawaida haina roho hiyo.

Halafu kuna Windows yenyewe. XP iliachwa na Microsoft Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Mashine inayoshika akaunti za watu na nyaraka zao haifai kukaa miaka kwenye mfumo usiozibwa matundu, na ndiyo maana nilimwekea shangazi Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwenye diski ya pili ajaribu. Prosesa yake ya Core 2 Duo inaiweza. Lakini kadi nyingi za zamani za Broadcom haziwaki kwenye Linux bila faili ambazo wagawaji wa Linux hawaruhusiwi kuzibeba; lazima zipakuliwe. Unahitaji intaneti ili upate kitu cha kukupa intaneti. Tulichomeka simu ya binamu kwa USB, ikashika papo hapo, tukaandika amri moja, faili zikashuka, waifai ikawaka.

Jambo la mwisho linahusu ruta, maana fundi akija na kuirudisha kiwandani, au mtoto akichokoa kile kitundu cha nyuma kwa sindano, kila ulichokiweka kinafutika na chaneli inarudi kujichagulia. Shangazi ameandika kwa kalamu ya maandishi mazito kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwa selotepu ubavuni mwa ruta: "2.4 – CHANELI 6 – UPANA 20 – WPA2 AES. USIGUSE KABLA YA KUNIULIZA."